Siku ya ukungu Ziwa Ellis: pakeji ya kuvua trauti Mlima Kenya

Wiki tatu sasa tangu nirudi kutoka Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, na nimesema lazima niandike hii kitu kwa Kiswahili manake mimi mwenyewe nilipokua natafuta habari kabla sijalipa sikupata hata mstari mmoja, zote ni za Kiingereza na zimeandikwa na watu wenye fito zao za kuvulia na magari yao. Sisi hatuna. Tulikua wawili, mimi na sahibu yangu tuliosoma naye chuo cha Kurani toka wadogo, mimi nafanya kazi Thika siku hizi na yeye amebaki Mombasa, marehemu babake alikua mvuvi wa Vanga na yeye amelelewa ndani ya ngalawa, mpaka leo ikipita Jumamosi hajaenda kupiga mshipi, yaani kuvua kwa uzi wa mkononi, utamjua tu usoni. Mambo ya bahari anayajua yote. Trauti, yule samaki wa maji ya baridi ya mlimani, alikua hajawahi kumuona hata kwenye sahani.

Tulichonunua ni pakeji ya siku mbili kwa watu fulani wa Nairobi, jina siweki manake malalamiko yangu nimeshawapelekea wenyewe na tumeelewana. Ndani ya pakeji kuna gari la kupanda mlima na dereva, vifaa vya kuvulia vya watu wawili, leseni za kuvua, chakula, na mzee mmoja wa Chogoria wa kutuongoza. Shilingi elfu 24 kila mtu. Kiingilio cha mbuga na banda ya kulala tulijilipia wenyewe pembeni, na hapo angalia sana, kiingilio hakilipwi kwa keshi, unalipa kwa mtandao kabla, mimi nilikamilisha nikiwa bado Thika na nikapiga picha ya risiti nikaiweka kwa simu, fanya hivyo hivyo usije ukaanza kutafuta netiweki msituni.

Nianze na gari niimalize haraka. Lilitakiwa kutuchukua saa kumi na mbili asubuhi, likaja saa mbili kasoro, na sahibu yangu alikua ametoka Mombasa na treni ya jana yake, amelala masaa manne tu ili asichelewe. Hio sikuipenda. Lakini dereva mwenyewe alikua mtu mzima, hakuendesha kwa kulipiza muda, Embu tukanywa chai, Runyenjes, Chuka, na pale daraja la Nithi akashuka polepole kabisa huku ametuonyesha ule mto akasema haya maji mnayoyaona hapa yanatoka kule kule mnakokwenda. Kweli, Nithi unashuka toka Ziwa Michaelson ndani ya bonde la Gorges, juu zaidi ya Ellis. Toka siku hio kila nikisikia jina la lile daraja siwazi tu zile ajali mbaya za pale, nawaza na yale maji ya baridi yanakotoka.

Mzee tulimpata Chogoria mjini. Kitu cha kwanza hakutuuliza habari ya samaki, aliangalia viatu vyetu, kisha akamuuliza sahibu yangu, "Wewe jana umeamkia wapi?" Aliposikia ni Mombasa akatikisa kichwa. Mimi nilikua nataka twende mpaka ziwani jioni hio hio tukapige hata saa moja, manake muda ulishapotea na gari, na mzee akakataa katakata. "Vijana wangu, mlima hauendi mahali. Leo mnalala getini." Sikufurahi, nitasema ukweli, lakini hesabu yake ni hii: Chogoria mjini uko kama mita 1,500, geti la mbuga liko kwenye mita 2,900 na zaidi, ziwa liko zaidi ya mita 3,400. Mtu aliyeamka jana usawa wa bahari ukimpandisha yote hayo kwa mkupuo mmoja kichwa kitampasuka na hatavua chochote. Na kweli usiku ule sahibu alishikwa na kichwa kidogo, mzee akamnywesha maji mengi na chai ya tangawizi, asubuhi akaamka mzima. Wenye kutoka pwani lishikeni hilo, msikubali pakeji ya siku moja hata ikiwa rahisi vipi.

Barabara ya kutoka mjini mpaka getini ni zaidi ya kilomita 20 ndani ya msitu, kwanza miti mikubwa, baadae mianzi imekuinamia pande zote mpaka unahisi uko ndani ya jahazi lililopinduliwa, na matope yake si ya gari la kawaida, hata usijaribu. Banda za getini zina mahali pa kuwasha moto ndani na tuliwasha mpaka saa sita za usiku. Nje nyati walikua wanakula majani hapo hapo, unawasikia wanavyokata, krap, krap.

Sasa huo usiku wa moto ndio nilianza kuona pesa yangu imekwenda wapi. Mzee alimwaga vifaa vyote vya pakeji kwenye meza akavikagua kimoja kimoja na tochi ya kichwani. Fito mbili, moja nzima, ya pili ile pete ya ncha kabisa, pale uzi unapotokea, ilikua na ufa mwembamba kama unywele. Akapitisha kipande cha soksi ya nailoni ndani yake, kikanasa. Akasema hii itakata uzi, na kesho yake ikakata kweli, mara mbili, tukapoteza nzi wawili, vile vidudu vya bandia vya kuvulia. Suruali za mpira zile zinazofika kifuani, moja ilikua na kiraka goti la kushoto na kiraka kimeanza kuachia. Akakigundisha upya kwa gundi ya baiskeli kutoka kwa mfuko wake mwenyewe, ikashika mpaka saa tano hivi za asubuhi halafu maji yakaanza kuingia, na maji ya kule yakikuingia hayakwambii pole. Kwa hivyo vifaa vya ile pakeji mimi navipa alama ya chini. Mkienda, ombeni mtumiwe picha za vifaa kabla, na hata mkitumiwa, pitisheni kipande cha soksi kwenye kila pete, ni dakika mbili.

Halafu mzee akatoa kiboksi chake cha nzi. Kwa asiyejua, trauti kule hapigwi kwa chambo. Mzee alitwambia mapema, hakuna minyoo, hakuna nyama, ni nzi wa bandia peke yake, kindoana kidogo kimefungwa manyoya na nyuzi kionekane kama mdudu. Sahibu yangu akakichukua kimoja akakiweka juu ya kiganja akakisogeza karibu na moto. Kilikua cheusi, kidogo kama mbegu ya tikiti, mgongoni kimezungushiwa uzi wa fedha mwembamba duara duara, na ndoana yake ule mwiba wa ndani umebanwa kwa koleo ukalala, ili samaki atoke bila kuchanika. Akauliza, "Chubwi yake iko wapi?" Mzee hakujua neno chubwi, nikamueleza ni ule uzito wa risasi wa kuzamisha mshipi. Akasema haina. Sahibu akaniangalia. "Sasa kitu chepesi hivi chatupwaje, chatupwa na dua?"

Na hilo swali ni la maana manake ndio tofauti yote. Kwenye mshipi wetu chubwi ndio inaubeba uzi. Huku mambo yamegeuzwa, uzi wenyewe ndio mnene na mzito, wa plastiki, na ndio unambeba nzi, unauzungusha nyuma unanyooka, unauleta mbele unanyooka, nzi anafuata tu mwisho wa uzi mwembamba usioonekana. Mimi nilikua nimejifunza kwa video miezi miwili kwenye uwanja wa shule karibu na kwangu. Wale nzi kumbe wanafungwa hapa hapa Kenya kwa mkono, ni kazi ya watu tangu miaka ya 1930, wanafungwa kwa maelfu na kuuzwa Ulaya na Marekani, na wa mzee alikua amefunga mwenyewe. Anawauza shilingi 150 mmoja. Nunueni kwake, wale wa kwenye pakeji walikua wameshaliwa na kutu.

Tukaamka saa kumi na moja na nusu. Mzee alitwambia kawaida asubuhi mlima unakua wazi na ukungu unapanda mchana kutoka msituni, lakini siku hio ulikua umelala pale pale usiku kucha, tumefungua mlango hatuoni gari. Dereva akauliza kama tuahirishe. Mzee akanusa, akasema twende, siku kama hii samaki hawaogopi.

Kutoka getini mpaka ziwani gari lilikwenda mwendo wa mtu wa miguu karibu njia yote, taa zinamulika ukuta mweupe tu, mzee ameshuka anatembea mbele ya gari kwa miguu na tochi anamuonyesha dereva mashimo. Mianzi ikaisha, vikaanza vile vichaka vya juu vyenye ndevu za kijivu zinaning'inia, kila udevu umebeba matone. Mahali pamoja akasimama akanyoosha mkono, kinyesi cha nyati kiko katikati ya njia na bado kinatoa moshi. Tukakaa kimya kama dakika tano. Mzee akapiga makofi matatu, akangoja, akapiga tena, tukasikia kitu kizito kinavunja vichaka kwenda chini, ndio tukaendelea. Huyo ni mtu wa kulipwa.

Ziwa sikuliona. Nataka mjue hivyo, mimi nimevua Ziwa Ellis masaa sita na ukiniuliza liko na ukubwa gani siwezi kukwambia. Tuliegesha, tukatembea kwenye majani magumu yenye mabunda mabunda, buti zinazama, halafu mzee akasema simama, nikaangalia chini nikaona maji yanaanza nchi mbili kutoka kwa kidole cha kiatu changu, yametulia, rangi ya chai ya rangi, na baada ya hatua kama kumi yanaisha kwenye weupe. Hakuna mlima, hakuna ng'ambo, hakuna sauti. Sahibu akatoa salamu kwa sauti ndogo kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Saa mbili za mwanzo nilitupa mimi, na vizuri tu, video zilinisaidia, uzi ulikua unanyooka. Lakini nilikua sioni nzi anapotua. Nilichojifunza chote nilijifunza kwa macho, angalia ncha ya uzi, ikisita kidogo au ikienda pembeni, vuta. Sasa ncha iko ndani ya ukungu. Nikawa navuta kila mara kwa kubahatisha. Mzee akaniambia usikilize, "Ukisikia plap, umetua vibaya. Usiposikia kitu, umetua vizuri." Nikaanza kutua bila sauti na bado nikawa sipati kitu, manake kutua ni nusu tu ya kazi.

Sahibu yangu yeye kutupa kulimshinda kabisa. Uzi ulimzunguka shingoni, ulishika vichaka, ile fito mbovu ikakata nzi wa kwanza, wa pili. Nikaona anaanza kununa, na baridi imemshika, midomo imekua ya kijivu, nikajuta kumtoa Mombasa. Mzee alikua amekaa kwenye jiwe anamuangalia, hasemi. Kisha akaamka, akaenda akamshika mkono wa kulia, akauangalia kidole cha shahada.

Pale kwenye kidole sahibu yangu ana mfereji. Nimemjua miaka thelathini na nilikua sijawahi kuuangalia vizuri. Ni alama ya mshipi, uzi umepita hapo toka ana miaka saba, ngozi imekua ngumu na katikati kuna mstari umechimbika, ukipitisha ukucha wako unaingia. Mzee akauliza, "Wewe unavua na mkono?" Akamjibu, "Ndio baba, mshipi mtupu." Basi yule mzee akabadilisha kila kitu. Akamvua glavu. Akachukua ile fito nzima kutoka kwangu, akaomba ruhusa lakini, akatupa yeye mwenyewe mbali ndani ya ukungu, akamkabidhi sahibu uzi mkononi, fito ameilaza tu chini ya kwapa kama bakora. Akamwambia sasa sahau fito. Vuta kama unavyovuta kwenu, polepole, kiganja kimoja kimoja, nzi huyu anaiga mtoto wa kereng'ende anatambaa chini kwenye majani, hana haraka.

Na nikamuona rafiki yangu amegeuka mtu mwingine. Alifumba macho. Uzi umepita kwenye ule mfereji wa kidole, anavuta nchi mbili, anangoja, nchi mbili, anangoja, shingo ameiinamisha upande kama anasikiliza simu. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Ngoja. Apita kwenye majani sasa. Haya, ametoka kwenye majani. Kuna kitu chamfuata." Mimi nikaangalia maji, hakuna hata kiwimbi. Akasema, "Ameonja. Hajala. Ngoja." Na nyinyi mliovua mshipi usiku mnajua hilo neno ngoja lina uzito gani. Kisha mkono wake ukaenda nyuma taratibu, hakuutupa, aliuongoza tu, na uzi ukakaza ukaanza kukata maji kwenda kushoto, na mahali fulani ndani ya weupe samaki akaruka, tukamsikia akiruka na kutua, hatukumuona. Bismillahi, bismillahi, ndio maneno aliyokua anayasema muda wote huo.

Alipomleta kwenye wavu mdogo wa mpini nilipiga magoti kwenye maji nimuangalie. Kama kiwiko mpaka ncha ya vidole, mgongo wa kijani iliyokolea na madoa meusi mengi kama ufuta, na ubavuni kutoka kwenye shavu mpaka mkiani mstari mmoja wa waridi, rangi ya ndani ya koma manga. Magamba madogo mpaka unadhani hana. Sahibu akamshika kwa mikono iliyolowa kama mzee alivyomfundisha, akasema, "Huyu ni baridi kuliko maji." Akamzamisha akamshikilia dhidi ya maji mpaka akaanza kupiga mkia mwenyewe, akamuachia. Samaki wake wa kwanza wa maji matamu, na akamuachia. Sikumuuliza kwa nini.

Mzee akanieleza sababu ya ukungu kusaidia, kwamba trauti macho yake yanaangalia juu, siku ya jua akiona tu kivuli cha mtu au fito inazunguka anakimbilia katikati, lakini ukungu ukikaa hakuna kivuli, wanakuja kula mpaka ukingoni kwenye maji ya magoti. Kwa hivyo samaki walikua miguuni mwetu asubuhi yote na mimi nilikua natupa juu ya vichwa vyao. Nikakaa karibu na sahibu, nikavua glavu, nikafumba macho. Vidole vyangu ni vya mtu wa kompyuta, saa nzima sikusikia chochote ila majani, na yeye ananinong'oneza, "Hayo majani. Hayo majani. Sasa si majani." Wa kwanza alinikosa. Wa pili nikamshika. Mpaka saa nane yeye alikua na watano na mimi wawili, tukabakisha wawili wa kula, wengine wote walirudi majini.

Mzee alipompasua mmoja akafungua tumbo juu ya jiwe akatuita. Ndani kumejaa watoto wa kereng'ende, weusi, wadogo kama mbegu ya tikiti, wana mistari mistari mgongoni. Akaweka nzi wake pembeni yao. Ilibidi niiname kabisa ili nimjue wa bandia ni yupi.

Hapo ndio akatuambia pia kwamba hawa samaki si wenyeji, haya maziwa ya juu hayakua na samaki, walipandwa na watu. Trauti wa kwanza Kenya waliletwa 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven kule Uskoti, wakatiwa mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, hao ni wale wa kahawia, na hawa wenye mstari wa waridi walifuata baadae kutoka Afrika Kusini. Na pale Kiganjo karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali cha kutotoa vifaranga vya trauti, tangu 1948. Kwamba samaki anayetaka maji ya baridi hivyo amepata makao karibu na ikweta ni kwa sababu ya urefu wa mlima tu, teremka na ule mto Nithi mpaka maji yakianza kua vuguvugu utamkosa.

Chakula cha pakeji kilikua mkate, mayai, ndizi na mchele. Mchele tusiuongelee sana, kule juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90, tumeuweka kwenye jiko la gesi dakika arubaini na bado una kiini. Atakayetunga hii pakeji siku nyingine aweke chapati zilizopikwa tayari. Lakini samaki! Sahibu yangu alikua amebeba kutoka kwao ndimu nne, chumvi ya mawe na pilipili mbuzi kwenye chupa ya dawa, akawapiga mikato mitatu mitatu ubavuni, akawasugua, akawakaanga na mafuta yao wenyewe manake wana mafuta chini ya ngozi. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa hafifu na inaachia mfupa vizuri. Alikula kimya mpaka akamaliza upande mmoja, mimi namuangalia maana ni mtu ambaye ukimpa samaki wa barafu anakurudishia sahani. Akasema, akiwataja samaki wetu wa bahari, "Si changu, si tasi. Lakini ana heshima zake." Mzee akaomba ile pilipili ibaki kwake.

Saa tisa ukungu ukaanza kunyesha, si mvua, ni ule unyevu unaojikusanya kwenye kope, goti langu la kushoto limeshakufa ganzi kwa ile suruali, tukaondoka. Usiku tukafika Thika saa nne.

Basi alama zangu. Gari tatu kati ya tano, kwa ile kuchelewa. Vifaa mbili. Chakula mbili, samaki hawahesabiki hao ni wetu. Mzee ningempa zaidi ya tano kama zingekuwepo, manake mtu mwingine angemsimamia rafiki yangu siku nzima amfundishe kutupa mpaka akate tamaa, yeye aliangalia kidole akajua huyu mtu tayari ni mvuvi, anataka tu kutupiwa. Nikirudi, na nitarudi mwezi wa pili ukiwa mkavu, nitamtafuta yeye moja kwa moja, gari nitakodi Chogoria, na vifaa nitaazima kwa mtu ninayemjua. Kwa hesabu yangu inashuka mpaka kama elfu 17 kila mtu. Nyinyi mkienda, beba: soksi za sufi pea tatu, glavu za kukatwa vidole, mafuta ya mgando ya midomo, ndimu. Laleni getini.

Sahibu alinunua nzi sita kwa mzee kabla hatujaagana, wote weusi. Jumamosi hii iliyopita amenitumia picha kutoka Mombasa, ameshika kolekole mdogo wa kutosha kiganja, nzi yuko pembeni ya mdomo, manyoya yameliwa nusu na ndoana imeshaanza kutu kwa chumvi. Chini ameandika niulizie kwa mzee kama anaweza kumfungia kumi kama hao, ndoana za maji ya chumvi, na mwili uwe mkubwa kidogo kama kamba mtoto.